Nyumba imebakiza rangi tu? Subiri kwanza

SWALI

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu shambani, yenye paa la mita 8 kwa 10. Mita 25 kutoka hapo nimeinua karakana ya mita 5 kwa 6 kwa ajili ya useremala na kuchomelea vyuma. Nyumba imeezekwa mabati na kupigwa lipu ndani na nje. Lipu ya mwisho ilikamilika wiki tatu zilizopita. Karakana ina kuta na paa, chini bado ni udongo.

Fundi wangu anataka tupige rangi sasa ili tuhamie. Mimi nasita, kwa sababu ukuta mmoja wa upande paa linakomwagia maji unatoa unga mweupe kuanzia chini hadi usawa wa magoti. Tukiufuta unarudi mvua ikinyesha. Fundi anasema dawa yake ni rangi ya mafuta. Pia kwenye kona za madirisha mawili kuna nyufa nyembamba zinazopanda mshazari. Udongo uliotoka kwenye msingi tuliusambaza kuzunguka nyumba ili maji yasituame, kwa hiyo sielewi unyevu unatoka wapi.

Kwa karakana, fundi ameshauri tushindilie udongo, tumwage zege la sentimita 5, kisha apige niru. Umeme tuuvute kwanza kutoka soketi ya jikoni kwa waya wa kurefusha. Nina mashine ya kuchomelea ya ampia 160 na msumeno wa meza wa kilowati 2.2. Tanki la lita 5,000 nimeshanunua, gata bado, na nilifikiria kuliweka juu ya kifusi kilichobaki kwa kuwa pameinuka kidogo.

Fedha iliyobaki haitoshi kumaliza vyote kwa mkupuo mmoja. Nianze na kipi, na kipi kinaweza kungoja?

Mwenye Nyumba Isiyokwisha

JIBU

Ndugu Mwenye Nyumba,

Mwambie fundi afunike makopo yake. Kazi yako ya kwanza iko nje, na vifaa vyake ni jembe na toroli.

Umetaja kwa kupita tu kwamba udongo wa msingi mliusambaza kuzunguka nyumba. Unyevu unatoka hapo. Ukuta uliojengwa vizuri una karatasi ya nailoni au ya lami iliyolazwa juu ya msingi, angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, ili maji yanayopanda kwenye tofali yaishie pale. Udongo ukirundikwa hadi kuipita karatasi hiyo, maji yana njia ya pembeni: yanatoka kwenye udongo, yanaingia kwenye lipu ya nje na kuendelea kupanda. Yakifika usoni yanakauka, na chumvi yaliyoibeba kutoka kwenye udongo na tofali inabaki. Huo ndio unga wako. Kama ungekuwa umetapakaa ukuta mzima, na ukiufuta haurudi, ningekuambia ni maji ya ujenzi yanamalizika, uuache. Lakini wako unaishia magotini na unarudi kila mvua, tena upande ule ule ambao paa halina gata na matone yanarukia ukutani.

Rangi ya mafuta hapo ni kuziba pua ya mtu anayepumua. Maji yatatafuta kutokea juu zaidi, na chumvi itakayoganda nyuma ya rangi itaisukuma hadi imeguke pamoja na ngozi ya lipu.

Ondoa udongo huo pande zote nne, mpaka ardhi iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Unga uliopo usugue kwa brashi kavu na uukusanye. Usiuoshe, kwa sababu chumvi ikiyeyuka inarudi ndani ya ukuta ulimotoka. Acha ukuta ukauke. Kisha zungushia nyumba zege la kando lenye upana wa sentimita 75 na unene wa sentimita 8, likiinama kwenda nje kwa sentimita 3. Kati ya zege hilo na ukuta acha nafasi ya sentimita 1 ujaze lami. Wengi huliunganisha moja kwa moja na lipu; zege likishuka kidogo linaivuta lipu, na ufa unaofunguka hapo unayapeleka maji ya mvua kwenye msingi.

Gata zije wakati huo huo. Mteremko wa milimita 5 kwa kila mita unatosha, yaani kwenye urefu wako wa mita 10 ncha moja iwe chini ya nyingine kwa sentimita 5. Vuta uzi kabla ya kupigilia kishikio chochote. Kosa la kawaida ni kufuata ukingo wa fishaboda, yaani ule ubao wa ukingoni mwa paa, ambayo imepigwa kwa pimamaji na haina mteremko wowote: gata inashika maji, inaelemewa, inapinda katikati. Vishikio viwe kila sentimita 60 hadi 90, na bati liingie juu ya gata kama sentimita 5. Likiwa fupi zaidi, mvua ndogo inarudi nyuma chini ya bati na kuozesha fishaboda.

Sasa tanki, na hapa usifanye mzaha. Lita 5,000 za maji ni tani 5. Kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa kitadidimia upande mmoja kabla ya mwingine, tanki litainama, na bomba la chini ndilo litakalopasuka kwanza. Jenga kitako kwenye ardhi ya asili, mita moja au zaidi kutoka ukutani ili usikiweke juu ya udongo uliojaziwa msingi. Kiwe kipana kuliko kitako cha tanki kwa sentimita 10 kila upande, zege la sentimita 15 lenye wavu wa nondo, uso laini bila kokoto inayochomoza. Ukikiinua sentimita 60 ndoo itakaa chini ya bomba. Tanki la plastiki likae lote juu ya zege. Mbao mbili tatu chini yake zinalikata.

Hesabu ya maji ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 kwenye paa lako la mita za mraba 80 inaleta lita 4,000, na ukitoa yanayopotea utapata kama 3,200 hadi 3,600. Mvua mbili kubwa zinalijaza tanki, kwa hiyo bomba la kufurikia liwe na upana sawa na la kuingizia, na lipeleke maji mita 3 mbali na msingi. Nimeshaona maswali mengi ya unyevu ambayo jibu lake lilikuwa tanki linalofurika miguuni pa nyumba. Maji ya mwanzo ya kila mvua, lita 40 hadi 80 kwa paa kama lako, yaelekeze pembeni kwanza. Ndiyo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kila tundu lifunikwe wavu wa mbu.

Nyufa za madirisha hazinitishi kwa jinsi ulivyozieleza. Kona ya dirisha ndipo ukuta unapovutwa zaidi, na lipu yenye saruji nyingi au iliyoachwa ikauke juani bila kumwagiliwa kwa wiki nzima hupasukia hapo. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya kila ufa na uandike tarehe. Ukibaki palepale mvua zikija na kupita, uchimbe kwa umbo la V, ulowanishe, ujaze na kufunika kwa utepe wa wavu. Ukirefuka, ukionekana na upande wa ndani mahali pale pale, au ukipanuka kufikia milimita 5, suala si lipu tena. Mwite mhandisi aangalie msingi. Ukiwa hapo, gonga lipu kwa kifundo cha kidole ukuta mzima. Panapolia kama debe tupu haijashika. Ibandue sasa, maana ikishapigwa rangi itaanguka nayo.

Karakana ndiyo inayostahili fedha zako zaidi kuliko sebule. Zege la sentimita 5 juu ya udongo litapasuka, na sababu si uzito wa mashine peke yake. Udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kipande chembamba hivyo hakina nguvu ya kuvuka hata shimo dogo lililojitokeza chini yake. Niru nayo ni ngozi ya saruji. Inapendeza chumbani, lakini chuma kikidondoka juu yake inabanduka kama ganda la yai.

Chimba utoe udongo wa juu wenye mizizi. Panga mawe ya sentimita 15, kama mita za ujazo 5 kwa eneo lako, uyashindilie hadi yasicheze chini ya kisigino. Juu yake mchanga wa sentimita 5 ili nailoni isitoboke, kisha nailoni nzito iliyopandishwa ukutani hadi ikutane na karatasi ya kuzuia unyevu. Halafu zege la sentimita 10. Kama gari litaingia, liwe la sentimita 15 na lenye wavu wa nondo.

Kwa mita za mraba 30 unahitaji mita 3 za ujazo za zege. Kwa uwiano wa 1:2:4, hiyo ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 1.3 na kokoto 2.6. Kwa kipimo cha ndoo ya lita 20: mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto. Maji ni kama lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Ulinzi wako mkubwa uko hapo kwenye maji. Vibarua wanapenda zege linalotiririka kwa sababu halichoshi mikono, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, na sakafu inatoa vumbi ukifagia mwaka mzima.

Kabla ya kumwaga, amua msumeno utakaa wapi. Ubao mzima wa plaiwudi una mita 1.22 kwa 2.44, kwa hiyo unahitaji kama mita 2.5 mbele ya msumeno na 2.5 nyuma yake. Kwenye urefu wako wa mita 6 inabaki mita moja ya meza yenyewe. Maana yake msumeno una mahali pamoja tu: katikati ya urefu, ukiwa umesogea kidogo upande mmoja wa upana. Laza bomba la milimita 32 chini ya zege kutoka ukutani hadi hapo, lenye kona za mviringo, ili waya usitambae sakafuni ukikutega miguu. Kisha gawa sakafu vipande sita vya mita 2 kwa 2.5, mwaga vitatu leo kwa mpangilio wa bao la drafti na vitatu kesho. Zege lazima lisinyae. Ukiligawa linapasuka kwenye mstari uliochagua wewe. Na kwa mgawanyo huu msumeno unakaa ndani ya kipande cha kati, haukai juu ya kiungo.

Usilainishe mapema. Ngoja maji yaliyopanda juu yapotee na kisigino kiache alama ndogo tu, ndipo upitishe mwiko wa chuma. Fundi asinyunyize saruji kavu ili kuyanyonya maji. Hiyo ndiyo ngozi inayobanduka baadaye. Funika kwa nailoni au mchanga mbichi siku 7. Mashine nzito zingoje siku 28.

Waya wa kurefusha kutoka jikoni ufute akilini kabisa. Mashine ya ampia 160 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote inavuta takribani ampia 30. Soma kibati cha nyuma uone namba yake halisi. Msumeno wa kilowati 2.2 unavuta kama ampia 10 hadi 14, na wakati wa kuwaka unaruka mara tano hadi saba ya hapo kwa sekunde chache. Waya wa 1.5 (namba hii ni unene wa shaba yake kwa milimita za mraba) wenye urefu wa mita 25 ukibeba ampia 30 unapoteza karibu volti 22 njiani. Moto wa kuchomelea unakuwa dhaifu, na mota inayowashwa kwa volti pungufu inanguruma bila kushika kasi mpaka koili zake ziungue. Waya wenyewe, hasa ukiwa bado umezungushwa kwenye gurudumu lake, unapata joto hadi plastiki inalainika.

Kinachofaa ni waya wa shaba wa 10 kutoka meinswichi ya nyumba hadi kisanduku cha breka ndani ya karakana. Hata mashine zote mbili zikiwaka pamoja, upotevu hauzidi volti 5. Ukipita ardhini uwe wa aina yenye deraya, yaani ganda la chuma, kina cha sentimita 60, juu yake mchanga na utepe wa tahadhari. Ndani, mashine ya kuchomelea iwe na waya wake wa 6 na breka ya ampia 32. Msumeno uwe na breka yake aina ya C, inayovumilia mruko wa kuwaka. Soketi za vifaa vya mkono zilindwe na breka ya mshtuko ya miliampia 30, ile yenye kitufe cha majaribio. Taa ziwe na njia yake, kwa sababu breka ya msumeno ikikatika hutaki giza wakati diski bado inazunguka. Kwa diski hiyo hiyo, usitegemee taa ndefu za zamani zinazopepesa: zinaweza kuifanya ionekane imesimama.

Mabomba ya waya ndani ya karakana yapite juu ya ukuta, yaonekane. Soketi ziwe mita 1.2 kutoka sakafuni, juu ya mbao unazoegemeza na mbali na vumbi. Kazi yote hii ni ya fundi umeme mwenye leseni, na umsisitize apime erthi kwa kifaa. Fimbo iliyopigiliwa kwenye udongo mkavu inaweza kuwa pambo tu.

Jambo hukuliuliza ila lazima niliseme: kuchomelea na maranda haviishi chumba kimoja. Cheche zinaruka hadi mita 10 na zinaweza kufukuta ndani ya unga wa mbao bila moshi, ziwake umeshafunga mlango. Ezeka kibanda cha bati nje, upande wa pili wa ukuta, uchomelee huko. Weka ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, na urudi kukagua baada ya nusu saa. Huko nje hata moshi wa mabati yenye zinki, unaoleta homa na kutetemeka usiku, hauwezi kukukusanyikia.

Kwa fedha pungufu, mpangilio wangu ni huu: udongo, gata na kitako cha tanki, sakafu ya karakana, umeme, milango. Milango ya mbao upake rangi pande zote sita kabla ya kuitundika, hata ule wa chini usioonekana, maana ndio unaokunywa maji. Ule wa karakana uwe na upana wa mita 1.5 au zaidi na ufunguke kwenda nje. Dari la nyumba linangoja bila madhara, mradi waya za juu ziwe zimepita. La karakana sahau kabisa.

Kuhamia unaweza kuhamia hata leo. Lipu tupu haimdhuru mtu. Rangi ingoje wiki nne kamili tangu lipu ya mwisho, na kwa ukuta wenye unga ingoje msimu mmoja wa mvua upite baada ya kuondoa udongo. Saruji mbichi ni kali, inayageuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni. Jaribu hivi: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba pande zote kwa utepe, ukiangalie baada ya saa 24. Kikiwa na matone upande wa ndani, bado.

Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina mita za mraba kama 36 za kuta, kwa hiyo mikono miwili inakula lita 7 na kidogo, nunua 8. Yachanganye makopo yote ya chumba kwenye ndoo moja kabla ya kugusa ukuta, kwa kuwa kopo na kopo havifanani sawasawa hata namba ya rangi ikiwa ile ile, na tofauti utaiona jioni mwanga ukiingia kwa ubavu.